Uyoga Aliouleta Famau

Jamani, hata sijui nianzie wapi. Nikianzia mwisho nitalia tena, nikianzia mwanzo mtasema Nadia ana maneno mengi. Basi naanzia kwenye kikaango.

Asubuhi ya leo, leo hii, na nguo niliyovaa bado inanuka thomu, nilikuwa jikoni kwetu Kismayo namkaangia dada yangu Hanan uyoga. Na nilikuwa naimba. Hilo ndilo linalonitia baridi mgongoni kila nikilikumbuka. Nilikuwa naimba!

Kwanza mumjue Hanan. Ana mimba ya miezi sita. Mbili za kabla ya hii zilitoka. Ya kwanza ilitoka wiki ule mlipuko ulipotokea karibu na soko, ya pili ilitoka baada ya mtu mmoja kumpigia simu na kumpa habari ya msiba hivi hivi, bila hata salamu. Kwa hiyo hii ya tatu ilipoonekana, bibi yetu Mwanatumu alitoa amri: mja mzito hashitushwi. Redio ikazimwa. Mlango tukawa tunaufunga kama wezi. Habari mbaya ikija inaishia uani, tunanong'onezana huko huko, kisha tunaingia ndani tunatabasamu. Mimi ndiye niliyewekewa sheria kali kuliko wote kwa sababu mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Shemeji yangu Famau, mume wa Hanan, aliniambia, "Shemeji, wewe hata ukitaka kupiga chafya, nenda kapige kwa jirani."

Sasa juu ya hayo, mimba ikamkataza samaki. Nyumba ya Wabajuni, mume fundi wa mashua, bibi mzaliwa wa kisiwa cha Fuma, halafu mtu hali samaki! Akisikia harufu tu anakimbilia chooni. Nyama vile vile. Kuku vile vile. Alikuwa anaishi kwa chai na mkate wa mofa, na mkono wake umekuwa mwembamba mpaka bangili ikawa inapanda kwenye kiwiko.

Ndipo mama yetu aliyeko Mombasa akamtuma shangazi Rukia. Shangazi akapanda gari mpaka Lamu, akapita Kiunga, akavuka Ras Kamboni, akapata mashua mpaka hapa, na njia nzima amekumbatia kisanduku cha barafu kama mtoto mchanga. Tukafungua. Ndani mna uyoga, umefungwa kwenye karatasi. Si ule mdogo mweupe wa kwenye pizza. Mkubwa, mpana kama kisahani cha kikombe, wa hudhurungi.

"Hii ni nini?" bibi akauliza. "Masikio ya nani?"

"Uyoga, mama. Unaitwa portobelo. Ni kama nyama lakini hauna harufu ya nyama."

"Mimi nilikuwa na meno yangu yote sikula kitu kinachoota kwenye mavi ya ng'ombe. Leo sina hata moja ndiyo nije nikile?"

"Hukuletewa wewe, mama. Kaa."

Shangazi akanifundisha pale pale. Usiuoshe, utakunywa maji, ufute kwa kitambaa. Ng'oa kikonyo. Ugeuze, chini kuna mikunjo myembamba myembamba, imepangana kama kurasa, rangi ya kahawa iliyoungua. Ikwangue hiyo kwa kijiko, la sivyo mchuzi utakuwa mweusi kama wino wa ngisi. Kisha paka thomu, ndimu, pilipili manga, chumvi. Mafuta ya simsim yapate moto, uulaze kifudifudi, uukandamize kwa kifuniko cha sufuria mpaka utoe maji yake yote, ugeuze, ndipo umwagie tui zito kidogo.

Wallahi jikoni palinukia kama siku ya Idi. Hanan akatoka chumbani mwenyewe, bila kuitwa, ameshika ukuta. Akala. Akapangusa sahani kwa mofa, akalamba na kidole. Bibi akageuza uso, akajifanya moshi umemwingia machoni.

Siku chache tu, portobelo ikaisha. Hanan akauliza, "Umekwisha wote?" Famau alisikia, na Famau kwa mke wake ni mtu wa kuogelea mpaka kisiwa cha Darakasi akarudi na maji ya kunywa ikiwa ameambiwa ya huko ni matamu.

Jana alikwenda Gobweyn kutafuta miti ya mataruma, zile mbavu za mashua. Mvua zimenyesha huko, nyasi zimeota. Amerudi jioni, badala ya kuanza na miti akaingia na kikapu kimefunikwa majani.

"Shemeji, njoo uone! Portobelo ya kwetu! Imejaa kwenye zizi la zamani la ng'ombe, inamsubiri mtu wa kuichuma!"

Nikatazama. Mipana, hudhurungi kwa juu, mikubwa kuliko ile ya shangazi. Nikapiga vigelegele. Shangazi mwenyewe hakuwapo, alikuwa amelala matangani mtaa wa pili, kwa jamaa waliofiwa.

Bibi peke yake ndiye aliyekunja uso, Kibajuni kikamtoka. "Mchu hampi mja mzito kitu kisichojaribiwa. Kwetu Fuma, kasa akichinjwa, ini lake hutupiwa kunguru kwanza. Kunguru akisusa, kasa mzima anafukiwa mchangani, hata kama watu wana njaa. Wangapi wamekufa kwa nyama ya ng'amba kwa kutosubiri kunguru!"

Basi leo asubuhi akakata kipande, akakipaka mafuta, akakitupa juu ya ukuta wa uani. Kunguru watatu wakashuka. Mmoja akakidaka, akakimeza, akalia akitaka kingine. Bibi akamtupia. Akameza. Tukakaa tunamtazama mpaka chai ikapoa. Kunguru mzima, anatembea ukutani kama askari.

"Bismillahi," bibi akasema. "Kaanga."

Na mimi, msomi wa chuo, nikajiambia, hii ni sayansi kabisa. Kuna jaribio, kuna matokeo. Nikafuta kwa kitambaa, nikang'oa kikonyo, nikageuza ili nikwangue. Mikunjo ya chini ilikuwa myeupe pee. Nikafurahi! Nikasema huu ni mchanga, hauna ule weusi, mchuzi utatoka msafi na kijiko nimepumzika. Nikakaanga, nikaonja chumvi, nikaonja tena kwa uroho. Famau akaweka fungu lake kwenye sahani ya mkewe, akaondoka kwenda ufukweni kwenye mashua yake. Bibi hakugusa. Hanan akala sahani nzima, akashukuru, akarudi kulala.

Nilikuwa nasugua kikaango shangazi aliporudi matangani. Akavua baibui, akachungulia kikapu. Kulikuwa kumebaki mmoja. Akaugeuza.

"Nadia. Huu umetoka wapi?"

"Famau ameuleta, shangazi. Portobelo ya Gobweyn."

"Chini mweupe."

"Si kwa sababu ni mchanga?"

"Mchanga gani, umefunguka kama mwavuli? Na hii pete shingoni?" Sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikawa pumzi. "Mimi si mjuzi wa uyoga, Nadia. Najua tu huu si ule niliouleta. Niambie hamjaupika."

Nikatazama kikaango. Naye akatazama kikaango.

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu wenyewe masikioni. Mimi niliisikia. Nikakimbilia uani kwa bibi, nikamwambia kwa kunong'ona, na jambo la kwanza alilofanya ni kuinua uso kutazama ukuta.

"Kunguru wangu yuko wapi?"

Ukutani palikuwa na kunguru watano.

"Yule pale, wa kwanza," bibi akasema.

"Bibi, yule si yeye."

"Wamjuaje?"

"Wewe wamjuaje?"

"Yule wetu alikuwa na shingo nyeupe."

"Bibi, kunguru wote hao wana shingo nyeupe!"

Mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, bawa limelegea. Tukamkodolea macho, sote watatu, hatupumui. Shangazi akarusha kijiwe. Akaruka, wakaruka wote, wakaenda zao juu ya mapaa, na hatukujua wetu ni yupi na ataangukia wapi. Hapo ndipo kichwa changu kikafunguka, kimechelewa. Mbuzi wa jirani hula majani ambayo mtu akiyala anavimba mdomo. Tumbo la kunguru si tumbo la Hanan. Kunguru anaijua nyama ya kasa, lakini huu si kasa!

"Tumpeleke hospitali," nikasema.

Bibi akanishika mkono kwa kucha. "Usimwambie."

"Bibi, amekula sahani nzima!"

"Mbili zimetoka kwa kushitushwa, Nadia! Ukimwambia amekula sumu, itatoka kabla hata sumu haijafika. Usimwambie!"

Shangazi alikuwa ameshampigia Famau. Alikuja mbio kutoka ufukweni, tezo la kuchongea mbao bado mkononi, watu njiani wamempisha wakidhani anamfukuza mwizi. Tukamwambia. Tezo likaanguka. Akakaa chini, kwenye maji ya kuoshea vyombo.

"Nimemuua mke wangu. Nimembebea mwenyewe kwenye kikapu."

"Nyamaza, atasikia!"

Kutoka chumbani, sauti ya Hanan: "Kuna nini huko?"

"Hakuna!" tukajibu wanne kwa pamoja, na Famau akaongeza kicheko, kicheko kibaya sijawahi kukisikia, kama mtu aliyekanyaga mwiba wa samaki.

Bibi akapanga uongo. Mwambieni ni siku ya kliniki. Shangazi akaenda mlangoni, akasema kwa sauti ya asali, "Mwanangu, vaa twende kliniki."

"Kliniki ni Jumatano, shangazi."

"Wamebadilisha."

"Nani amekwambia?"

Shangazi akarudi jikoni mikono kichwani. Na hapo, nimesimama katikati yao, tumbo langu likajikunja. Si sana. Kama mtu amelikamata kwa ndani akalifinya, akaliachia. Jasho likanitoka juu ya mdomo. Nilikuwa nimekula vipande vya kuonja tu. Yeye alikuwa na sahani nzima, na mtoto.

Nikawaambia, "Limenianza." Bibi akaniachia mkono.

Nyumbani kwetu habari zote naziingiza mimi, na naziingiza mbio, kiatu kimoja mlangoni kingine njiani. Safari hii nilitembea. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikaweka mikono juu ya miguu yake. Miguu ilikuwa ya moto au mikono yangu ilikuwa ya baridi, sijui.

"Dada, nina neno la kukwambia."

Akanitazama. "Unasema polepole. Wewe. Basi ni kubwa. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ule uyoga wa asubuhi si portobelo. Hatuujui ni uyoga gani. Labda una sumu. Tunataka twende hospitali sasa hivi."

Akaweka kiganja tumboni. Nilikuwa namtazama uso nikisubiri ubadilike, nikisubiri apige kelele, nikisubiri damu, Mungu anisamehe, nilitazama mpaka shuka.

"Na wewe ulikula?"

"Nilionja."

"Tumbo?"

"Limeanza."

Akaketi. "Nipe baibui langu."

"Dada, taratibu, usishituke—"

"Nadia, kinachonishitua mimi ni hiyo milango yenu! Miezi sita nyumba hii inanong'ona. Kila asubuhi naamka nasikia psipsipsi uani, najiuliza leo nani amekufa hawataki kuniambia. Kheri leo mtu amenena. Nipe baibui, na mwambie huyo Famau aache kulia, namsikia."

Bajaji ilikuwa moja, tukajipakia. Famau akakaa mbele na dereva nusu ya tako. Hatujafika hata kwenye lami, Hanan akashika mdomo. Akatapika kwenye mfuko, kisha nikatapika mimi, kisha tukawa tunapokezana, dereva anapiga kelele, "Abayo, dada, si kwenye kiti! Abayo, nje!" Bibi anasoma Ayatul Kursi, anakatiza, "Endesha, mwanaharamu wee!" anaendelea kusoma alipoachia. Sikucheka. Hanan alikuwa ananibana vidole na vidole vyake vilikuwa vinalegea, na kila vikilegea nilikuwa namfinya nimwamshe.

Daktari wa zamu ni mwanamke kijana, Dokta Zakiya, Msomali. Nikamweleza kwa Kisomali, na kwa Kisomali uyoga jina lake ni mto wa kulalia fisi, na siku nyingine ningelicheka jina hilo mpaka nianguke. Hakucheka naye. Aliuliza maswali mawili. Mlikula lini? Mmeanza kutapika lini?

Tukamwambia. Akavuta pumzi.

"Kutapika mapema hivi ni afadhali," akasema. "Uyoga unaoua mara nyingi hunyamaza. Mtu anakula, analala vizuri, kesho ndiyo ini linaanza kufa. Huu umegomba mapema. Lakini nijibuni kweli: mlikula wa aina moja tu?"

Sote tukamgeukia Famau.

"Mwingi niliuchuma zizini," akasema. Midomo imekauka. "Lakini... mmoja au miwili ilikuwa nje ya zizi. Chini ya mti. Niliona inafanana."

"Ilifanana au ilikuwa ile ile?"

"Sijui, dokta. Wallahi sijui. Kulikuwa kunaingia giza."

Naapa sijawahi kuogopa hivyo, hata zile siku za risasi. Risasi unaisikia inatoka wapi. Hii ilikuwa ndani yangu, ndani ya dada yangu, na yawezekana ilikuwa mbili, moja inapiga kelele na nyingine imenyamaza ikisubiri kesho. Kila tumbo likitulia kidogo nilikuwa naogopa zaidi. Nilikuwa natamani kutapika! Niliinama juu ya ndoo nikijilazimisha, nesi akaniondoa.

Wakatupa unga mweusi wa makaa ya dawa tukanywa, meno yetu yakawa kama ya wachawi. Wakatutundikia maji. Famau akarudishwa nyumbani mbio kuleta vilivyobaki, akaleta ule mmoja mzima na vikonyo vyote alivyovifukua kwenye taka, vimeoshwa! Aliviosha, masikini, eti daktari asishike uchafu. Dokta akavipanga juu ya karatasi, akavipiga picha, akamtumia mtu anayemjua. Vikonyo vyote vilikuwa na pete ile ile, hata kimoja hakikuwa tofauti. Jibu likaja baada ya adhuhuri: yaelekea ni ule wa malishoni unaochafua tumbo vibaya sana lakini mara chache humuua mtu mzima.

"Mtu mzima," Hanan akasema. "Na huyu?"

Dokta alikuwa ameweka mkono juu ya tumbo la Hanan na uso wake umebadilika. "Linakaza tangu lini?"

"Tangu kwenye bajaji."

Kumbe alikuwa anajua, na hakutuambia. Dokta akaeleza haraka haraka: mwili ukikaukiwa maji hivi, mji wa mimba unaweza kuanza kujikaza, na miezi sita ni mapema mno. Akafungua maji yaende kasi, akatundika chupa nyingine. Kisha akaleta kile kimashine cha kusikilizia moyo wa mtoto, akapaka mafuta baridi, akakiweka.

Mkwaruzo tu. Akakisogeza. Mkwaruzo. Kisha mapigo, tup, tup, tup, bibi akapiga kelele "Alhamdulillahi!" na dokta akatikisa kichwa. "Huu ni wa mama."

Akakisogeza tena. Chini, pembeni, juu kidogo. Wanawake wodi nzima walikuwa wameinuka kwenye vitanda vyao. Famau alikuwa amesimama mlangoni maana ndani wanaume hawaruhusiwi, ameshika fremu. Mimi nilikuwa nimelala kitanda cha pili na sindano mkononi, nikasema moyoni, Mungu wangu, chukua sauti yangu yote, nisiseme tena maisha yangu yote, nipe hiyo sauti moja tu.

Dokta akakandamiza chini kabisa, upande wa kushoto.

Ikaja. Mbio mbio, ndogo, kama mtu anayegonga mlango wa bati kwa ncha za vidole. Dokta akashika mshipa wa mkono wa Hanan kwa mkono wa pili, akasikiliza yote mawili kwa pamoja. "Mama polepole. Huyu mbio," akasema. "Huyu ni mwingine. Huyu ndiye."

Famau akatoweka mlangoni. Baadaye tulimkuta amekaa sakafuni kwenye ukumbi, mlinzi anampepea kwa kofia.

Tumbo halikuachia mara moja. Lilikaza, likalegea, likakaza, na kila likikaza Hanan alikuwa ananitazama mimi, si mtu mwingine, na mimi namtazama yeye. Chupa ya tatu ilipokuwa nusu, alasiri, vipindi vikawa mbali mbali. Dokta akaja akabonyeza. "Laini," akasema. Bibi hakuridhika na mkono wa daktari, akabonyeza mwenyewe. Shangazi akabonyeza. Mama wa kitanda cha jirani, hata hatumjui, akashuka na mwanawe begani akabonyeza naye.

"Jamani," Hanan akasema, macho yamefumba, meno meusi kwa makaa, "huu si unga wa mofa."

Wamesema tukae mpaka kesho wapime damu, waone ini. Bado naogopa. Nimegeukia upande wake, na kila baada ya muda kidogo nanyoosha mkono nje ya shuka naweka pale chini, upande wa kushoto. Naye ananiachia.